Rekodi ya Ishirini na Moja

Kapteni Sayel alikuwa amezoea kuwauliza watu majina manne: lako, la baba, la babu, na la ukoo. Fomu ya polisi ndivyo inavyotaka, na Amman nzima ndivyo inavyotaka pia, maana mji huu mtu hajakaa vizuri kitini ameshaulizwa yeye ni wa nyumba ya nani. Kwa hiyo mwanamke aliyeketi mbele yake asubuhi ile ya Jumatano alipojibu kwa neno moja, kapteni aliinua kalamu akangoja.

"Arwa."

"Arwa nani?"

"Arwa tu. Wanaokuja hapa nawapa hilo moja."

"Mimi sikuja kutibiwa, bibi."

"Najua. Wanaume wengi huanza hivyo hivyo."

Sajini Ibtihal, aliyesimama karibu na mlango, akakohoa. Kapteni alimtazama kwa jicho la pembeni, kikohozi kikapona papo hapo.

Kilikuwa chumba cha chini katika nyumba ya mawe, Jabal al-Webdeh. Viti viwili vya mbao, godoro la kukalia pembeni, boksi la karatasi za kufutia machozi, basi. Kapteni alitafuta vyeti ukutani, hakuona hata kimoja.

"Vyeti vyako viko wapi?"

"Kabatini. Nikivitundika, mtu anasoma ukuta badala ya kunitazama. Lakini wewe una fomu, na fomu haina kosa. Andika." Akaweka mikono magotini. "Nina miaka hamsini na mitatu. Nilisoma saikolojia Irbid, chuo kikuu, na baadaye ushauri nasaha. Miaka kumi na moja nilifanya kazi kambini, kaskazini, na wanawake waliovuka mpaka usiku na watoto mgongoni. Hapa nina miaka sita. Dawa sitoi. Simwambii mtu aachike, wala simwambii avumilie. Namsikiliza mpaka ajisikie mwenyewe anachosema. Na jina la ukoo nalizuia, maana nikilitaja tu, mgeni wangu ameshajua babu yangu alitoka upande gani wa mto wa mpakani na ni nani wa kwetu anafanya kazi na shemeji yake. Anafunga mdomo, anakunywa chai, anaondoka. Akitaka kurudi mara ya pili, ndipo namtajia."

"Mimi nalihitaji leo."

Akamtajia. Kapteni akaliandika, na bila kupenda akajikuta anawaza ni nani wa ukoo ule anayemfahamu. Arwa aliliona hilo usoni mwake, akatabasamu kidogo tu.

"Rawand, binti Nimr," kapteni alisema. "Miaka ishirini na saba, muuzaji katika duka la dawa. Alhamisi iliyopita baada ya alasiri alianguka kutoka juu ya paa la nyumba yao, Jabal al-Nasr. Alikuwa mgonjwa wako?"

Tabasamu likaondoka. "Hapana."

"Namba yako imo katika simu yake. Umehifadhiwa kama 'Arwa, ushauri nasaha'."

"Namba yangu imo. Mgonjwa wangu hakuwa."

Kapteni aliweka kalamu chini. Kesi kama hii mwenzake mwingine angekuwa ameshaifunga na kwenda nyumbani. Msichana kaanguka, baba kasema ni ajali, daktari wa maiti hakuona alama ya ugomvi. Kilichomzuia kuifunga ni mama. Siku ya Jumatatu mama huyo, Mama Laith kwa jina la mwanawe wa kiume, alikuja kituoni peke yake, akakataa kiti, akakataa maji, akasimama saa nzima mbele ya meza yake. "Sitaki umfunge mtu," alimwambia. "Nataka neno moja. Binti yangu alijitoa roho kwa mkono wake, au hakujitoa? Mtaa mzima unasema alijirusha. Niambie, mwanangu, hata kama ni ndiyo. Nikijua nitajua namna ya kumlilia." Kapteni alikuwa na mabinti wawili. Alilirudisha faili kwenye droo bila kulifunga.

"Bibi Arwa," alisema, "sitaki siri za mtu. Lakini usinifiche kilichokwisha kuwa mikononi mwangu. Simu yake ina rekodi ishirini, na zote ni wewe unajitambulisha kwake. Sikiliza."

Akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikatoka, ya taratibu, na nyuma yake upepo.

*"Karibu. Kaa unapopenda, hata sakafuni, mimi sina haraka. Kabla hujaniambia lolote acha nianze mimi, maana si haki wewe ujifunue na mimi nimejifunika. Mimi ni mshauri nasaha. Ng'ambo sijasoma. Miaka minne nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na huko nilijifunza kwamba mtu anayerudi mara tatu kwa wiki kununua dawa ya kichwa, si kichwa kinachomuuma. Sitakupa dawa, nimezitoa za kutosha. Sitakuuliza wewe ni wa nyumba ya nani. Ukinyamaza, nitanyamaza na wewe. Ukilia, sitakwambia acha..."*

Arwa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hiyo si sauti yangu, kapteni."

"Ni ya nani?"

"Yake."

Ibtihal alisogea hatua moja kutoka mlangoni. Siku tano kapteni aliisikiliza sauti ile kwenye gari na mezani, akidhani anamsikiliza daktari wa marehemu, kumbe alikuwa anamsikiliza marehemu. Hakuwahi kumsikia akiwa hai, angemjuaje? Alitaka kumpigia mama wa marehemu rekodi hizo, baba akamsihi asimtie mkewe uchungu juu ya uchungu, naye akakubali. Aliona aibu ya kazi, ile inayomshika mtu aliyeishi na ushahidi mfukoni bila kuujua.

"Alikuwa mwanafunzi wangu," Arwa alisema, machozi yakimtiririka wala hakuyafuta. "Nafundisha wanawake sita, Jumapili na Jumanne. Kwao walidhani anahudhuria mafunzo ya duka la dawa. Baba yake alishamwambia hataki kusikia binti yake anakaa chumbani na wendawazimu. Zoezi la kwanza ninalowapa ni hilo. Siku ishirini na moja, kila siku ujirekodi ukijitambulisha kwa mtu aliyeumia. Wewe ni nani, umetoka wapi, unafanyaje kazi yako. Ishirini za kwanza hutaji jina. Ya mwisho ndiyo unalitaja, ukiwa umelistahili."

"Alirekodia wapi?"

"Juu ya paa. Alisema nyumbani kwao hata chooni mtu anabishiwa mlango."

"Hapa zimo ishirini."

Arwa alichukua simu yake, akatafuta, akamwelekezea ujumbe ambao Rawand, kwa kumwogopa baba yake, aliufuta kwake baada ya kuutuma. Alhamisi, saa tisa na dakika arobaini: *Mwalimu, napanda. Leo ndiyo ya ishirini na moja. Leo nataja jina.* Chini yake alikuwa ameweka picha ya kikombe cha chai na ua.

"Huyu ni mtu anayekwenda kujiua?" Ibtihal aliuliza.

"Sijui," Arwa alisema. "Siku sita najiuliza hilo. Nilikwenda matangani, nikajifanya mteja wa dukani. Nikawasikia wakinong'ona kuwa alijirusha. Nikatamani kumwambia mama yake kuwa namfahamu binti yake, nikaogopa ataniuliza, 'Kama ulimfahamu, hukuona nini?' Mimi ndiye ninayewafundisha watu kuona, kapteni."

Kapteni akafunga fomu, na mlangoni akageuka. "Ulikuwa na mwanafunzi mzuri," alisema.

"Alikuwa ananishinda," Arwa akajibu.

* * *

"Afande, mzee Nimr amedanganya," Ibtihal alisema wakiwa barabarani. "Na mtu hadanganyi bure siku aliyofiwa."

Hilo kapteni alilijua tangu Ijumaa. Nimr, ambaye mtaani huitwa Baba Laith, aliandikisha hivi: *Binti yangu alipanda kuangalia tangi, maana ilikuwa siku ya maji.* Amman maji huja kwa zamu, mara moja kwa wiki, na mtu anaweza kusahau siku ya ndoa yake asisahau zamu yake ya maji. Jabal al-Nasr zamu yao ni Jumamosi. Baba Laith, fundi wa marumaru aliyeishi mtaa ule miaka thelathini, alitaja Alhamisi.

"Na simu," Ibtihal aliendelea. "Konstebo aliyefika kwanza aliiuliza. Mzee akasema haionekani. Kesho yake asubuhi akaileta mwenyewe kituoni, imefutwa vumbi. Na ndani yake rekodi ya Alhamisi haimo. Unajua kituoni wanasemaje? Wanasema aligundua binti anakwenda kwa siri kwa mtu, akampandia juu kwa hasira."

"Na wewe unasemaje?"

"Nimeona mikono yake ilivyomlaza kaburini siku ya mazishi, afande. Nasema naomba isiwe hivyo."

Walisimama kwanza ng'ambo ya barabara, kwa Mama Sufyan, ambaye dirisha lake linatazama ngazi za nje za nyumba ya marehemu. Aliwafungulia kabla hawajabisha.

"Mimi maiti simsemi vibaya, Mungu amrehemu," alianza, na Ibtihal akatoa daftari, maana maneno hayo huwa hayaji peke yake. "Lakini kila siku baada ya alasiri yuko juu, anaongea peke yake, mkono huku mkono kule. 'Karibu, kaa.' Kaa wapi, juu ya tangi? Nikamwambia dada yangu, huyu ameingiliwa."

"Alhamisi alipanda kuangalia maji?"

"Maji? Alhamisi? Hapa?" Mama Sufyan alicheka kwa kushtuka, akajiziba mdomo kwa kuwa ni msiba. "Bwana kapteni, maji yakija Alhamisi mtaa huu tutapiga vigelegele."

"Baba yake alikuwa wapi?"

"Barazani chini hapo, ananyonyoa majani ya mboga ya molokhia na mkewe. Niliwaona kwa macho yangu. Mama Laith ndiye aliyesimama, akaenda chini ya ngazi, akamwita. Sauti yake unaijua, inavuka bonde. 'Rawaaand!' Halafu sijamaliza kukunja shuka, nikasikia kishindo." Mwanamke akaacha kuchezesha mikono. "Ndipo wote wawili wakakimbia. Yeye barabarani, mzee juu."

Kapteni alibadilishana macho na Ibtihal. Uvumi wa kituoni ulikuwa umefia pale pale mlangoni.

"Msichana alipoitwa, aliitika?"

"Mimi sikusikia, na upepo ule. Na Mama Laith naye hakusikia. Hilo ndilo linalommaliza, maskini. Anasema, 'Nilimwita, akaninyima jibu, akaenda zake.' Tangu siku ile hajakaa, wallahi. Tumemtandikia, tumemvuta mkono. Anasimama tu pale mlango wa ngazi, kama anamngoja ateremke."

* * *

Walipanda kwa ngazi za nje bila kugonga. Juu palikuwa na matangi mawili, kamba za kuanikia nguo, na nondo zimesimama kila pembe, zikingoja ghorofa ya Laith, mwana aliyeko Ghuba ambaye siku moja atarudi aoe. Ili kupandisha mchanga na mawe ya ghorofa hiyo, Baba Laith alibomoa kipande cha ukuta wa ukingoni, hatua moja kutoka mlango wa ngazi, akafunga kamba na kapi. Ujenzi ukasimama. Pengo likabaki wazi, na watu wa nyumbani wakalizoea.

"Alianguka kutokea hapa," kapteni alisema. "Na simu ilikuwa wapi? Mtu anayejirekodi kwenye upepo angejikinga na upepo."

Ibtihal alizunguka matangi, akachuchumaa nyuma ya la pili. Kwenye msingi wa saruji palikuwa na kikombe cha chai, kimekauka, jani la mnanaa limegandia ndani. Hakuna aliyekigusa tangu Alhamisi.

Kapteni alisimama karibu na kikombe, akatazama. Ukingo wa upande wa matangi ulikuwa hatua mbili tu kutoka pale, ukuta wake haufiki goti. Mtu anayetaka kufa asingekuwa na haja ya kuvuka paa zima. Akaanza kutembea kuelekea mlango wa ngazi, upesi, kama mtu aliyeitwa. Kabla ya mlango, nondo fupi imejitokeza sakafuni, imepinda, imefika chini kidogo ya goti. Akainama. Kwenye kutu palikuwa na nyuzi nyeupe na kipande cha kitambaa chenye maua madogo ya samawati.

"Nguo ya sala," Ibtihal alisema. "Alikuwa ametoka kusali alasiri, hakuibadilisha. Pindo lake lilichanika, liko katika ripoti ya maiti. Tulidhani lilichanika chini."

"Limenasa upande wa matangi. Alikuwa anatoka kule anakuja huku." Kapteni alinyoosha mkono, bila kuhamisha mguu akagusa ukingo wa pengo la ukuta. "Hakuwa anakwenda ukingoni. Alikuwa anateremka ngazi."

Ibtihal aliitazama ile nondo muda mrefu, kisha akavua koti lake akaifunika, ingawa hapakuwa na mtu wa kudhuriwa nayo tena.

* * *

Siku tatu za matanga zilikuwa zimekwisha, lakini birika la kahawa chungu lilikuwa bado mezani. Baba Laith alimimina mwenyewe, kidogo tu, ya kufunika kitako cha finjani, kama inavyomiminwa kwa mgeni. Kapteni aliipokea kwa mkono wa kulia, akaiweka mezani mbele yake, hakuinywa, kama afanyavyo mgeni mwenye ombi.

Mzee aliitazama finjani, kisha akamtazama yeye.

"Kunywa kahawa yako, bwana kapteni."

"Nina haja kwako, Baba Laith."

"Polisi hana haja. Polisi ana amri."

"Amri naweza kwenda kuitafuta mahakamani, nikaja nikakupekua simu mbele ya majirani. Leo nimekuja na haja." Alisema taratibu, kwa Kiarabu cha Karak alikozaliwa, si cha kituoni. "Rawand alirekodi mara ishirini na moja. Nina ishirini. Umeifuta katika simu yake, lakini baba hawezi kufuta sauti ya mwisho ya mwanawe. Unayo. Nakuomba."

Kahawa ilitulia ndani ya finjani. Katika nyumba ya mtu kama Baba Laith, mgeni akiacha kahawa yake ikapoa, bora ukuta umwangukie mwenyeji. Mzee akainama karibu na mgeni wake.

"Unajua unachoniomba?" alinong'ona. "Mama yake yuko jikoni."

"Niambie wewe kwanza."

"Nilifika juu, nikaikuta kwenye msingi wa tangi. Bado inahesabu sekunde. Nikaizima. Usiku nikaisikiliza, nimejifungia. Nikasikia ni sauti ya nani iliyomwinua. Alikuwa salama pale, bwana kapteni. Amekaa, anazungumza maneno mazuri sijui aliyatoa wapi. Mama yake akamwita, akainuka mbio. Nikajiuliza, huyu mwanamke nimekaa naye miaka thelathini na tatu, nimpe hii? Nimwambie ni sauti yako? Na pengo lile nimelibomoa mimi, kwa mkono huu! Mimi naweza kulibeba la kwangu. La kwake sikutaka alibebe."

"Ndipo ukasema maji."

"Konstebo aliniuliza alipanda kufanya nini. Sikujua alikuwa anafanya nini. Mdomo ukasema maji. Mtu wa Amman akipanda juu ya paa anapanda kufanya nini kingine? Nimefika kitandani ndipo nakumbuka kuwa ilikuwa Alhamisi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Halafu wakaanza kusema amejiua. Nikajua naweza kuwanyamazisha. Nikashindwa."

"Jumatatu mkeo alikuja kwangu."

Baba Laith aliinua kichwa.

"Alikuja peke yake, akasimama saa nzima," kapteni alisema. "Kwamba alimwita, anajua. Amelijua tangu dakika ile. Kinachomuua ni kingine. Anaamini alimwita, binti akamsikia, akamnyima jibu, akachagua kufa. Hilo ndilo analobeba, Baba Laith, na wewe unadhani umempunguzia."

Machozi yalimshuka mzee moja moja mpaka kwenye ndevu. Mwisho akanyoosha mkono, akaisogeza ile finjani inchi moja kuelekea kwa mgeni wake.

"Kunywa kahawa yako," alisema. "Ulichokijia umekipata."

Kapteni akainywa yote. Ilikuwa baridi na chungu kupita kawaida.

Alipoinua macho, Mama Laith alikuwa amesimama mlangoni pa sebule. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini, ila uso wake ulisema ni muda mrefu. Baba Laith alitaka kuificha simu mfukoni, kisha akaona haina maana tena, akaipeleka rekodi mbele karibu na mwisho, akaiweka mezani.

*"...sasa nimekwambia yote isipokuwa jina,"* sauti ikasema, na upepo nyuma yake. *"Mwalimu wangu anasema jina hulitaji mpaka ulistahili. Leo nadhani nimelistahili. Mimi naitwa—"*

Na kutoka mbali, chini ya ngazi, sauti inayovuka bonde: *"Rawaaand! We Rawand!"*

Kicheko. Kicheko kizuri, cha mtu aliyekatizwa na asikasirike. *"Haya, umelisikia. Hata jina nimetajiwa."* Halafu kwa nguvu, akigeuza uso: *"Abee, mama! Nakuja!"*

Nyayo za ndala, upesi upesi. Baba Laith alibonyeza kuzima kabla ya kitu kingine chochote kusikika.

Ibtihal aligeukia dirishani. Kapteni aliinamisha kichwa akingoja kilio, maana ndicho alichokuwa akikiogopa tangu alipoingia nyumba ile. Kilio hakikuja.

"Kaitika," Mama Laith alisema.

"Ndiyo, mama," kapteni alijibu.

"Kasema abee."

"Kasema abee, na alikuwa anakuja. Alikuwa njiani anakuja kwako. Nguo yake ilinasa kwenye nondo. Nitaandika hivyo, nitatia muhuri, na Mama Sufyan nitamsomea mwenyewe mlangoni pake."

"Na mimi ndiye niliyemwita."

Hapo hapakuwa na wa kumdanganya. "Ndiyo, mama," kapteni alisema. "Wewe ndiye uliyemwita."

Mama Laith akaitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayepokea mzigo uliokuwa wake tangu mwanzo. Mumewe alimnyooshea mkono. Akaushika, akaubana, hakumtazama.

"Molokhia," alisema. "Nilimwita aje anisaidie kunyonyoa molokhia." Kisha, baada ya muda: "Alikuwa anazungumza na nani kule juu?"

"Na mtu aliyeumia," kapteni alisema. "Mtu yeyote. Alikuwa anajifunza kuwa mshauri nasaha, anajizoesha kujitambulisha. Mwalimu wake anasema alikuwa anamshinda hata yeye."

"Mwanangu? Na mimi sijui?" Sauti yake sasa ilivunjika. "Nimekaa naye miaka ishirini na saba, sijui?" Akaigeukia simu ile mezani. "Irudishe mwanzo, Baba Laith. Nataka kumsikia anajitambulisha."

Mzee akairudisha. Upepo ukaja kwanza, kisha mlio mdogo wa kikombe kikiwekwa juu ya saruji.

*"Karibu,"* Rawand akasema. *"Kaa unapopenda, hata sakafuni, mimi sina haraka."*

Na Mama Laith, ambaye alikuwa hajakaa tangu Alhamisi, akashika ukuta, akakaa sakafuni.